Nchi Isiyouliza Wapi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mwingine. Wajinga wengine watakuja, tena wenye vyeo na viti vya kuzunguka, lakini aliyefungua pazia ni mimi. Niliingia nchi ya watu asubuhi, nikakuta umati unazungushwa uwanjani na maofisa wenye miiko mirefu kama nguzo za simu, nikadhani ni ngoma. Nikavua kofia, nikajitosa. Nilicheza mpaka kiatu kimoja kikapotelea miguuni mwa watu. Nilipiga hata vigelegele, mwanamume mzima mwenye wajukuu, na ofisa mmoja akanitazama kwa furaha ya dhati, akaniambia, "Mgeni, wewe umechanganyika vizuri sana."

Nilimshukuru. Sikujua kwamba nimeshageuzwa shahidi.

Nchi yenyewe inaitwa Sawazo. Imezungukwa na ukuta laini wa rangi ya maji ya kunde, wenye vinyweleo, unaotoa jasho jua likipanda. Ndani ya ukuta huo hakuna mkulima, hakuna fundi cherehani, hakuna hata muuza karanga. Wote ni walinzi. Wapo Wameza, watu wanene wenye vinywa kama milango ya ghala, ambao kazi yao ni kummeza mvamizi mzima mzima. Wapo Wakumbuka, wembamba, wenye macho makali, wanaokaa miaka nenda miaka rudi wakiisubiri sura moja tu ya adui waliyewahi kupambana naye. Na adui huyo ni mdogo kuliko punje ya ulezi. Hana panga, hana bunduki. Ila akipata mahali pa joto na muda wa kuvuta pumzi, mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne, na mchezo unaendelea hivyo mpaka nchi nzima inawaka homa. Mimi nimelala na homa mara nyingi maishani mwangu. Sikuwahi kufikiri kwamba mahali fulani kuna watu wanafanya kikao juu yake.

Mlinzi wa Sawazo akiumia hutoa harufu. Inafanana na pilipili manga iliyomwagika kwenye kikaango cha moto. Wenzake wakiinusa tu, miguu yao inaelekea ilikotoka yenyewe, bila amri ya mtu. Ndivyo walivyoumbwa, na kwa maoni yangu ni maumbile mazuri kuliko ya majirani zangu wa nyumbani, ambao ukipiga kelele za mwizi wanaongeza sauti ya redio. Lakini hapo ndipo palipoanza kunishangaza: kila mtu niliyemwona alikuwa amebana pua kwa kibanio cha nguo. Wadogo walikuwa na vibanio vya mbao, wenye vyeo vya shaba iliyosuguliwa. Taifa zima lilikuwa linazungumza puani kama lina mafua ya mwaka mzima.

Nikamgeukia mama mmoja Mmeza aliyekuwa amesimama karibu yangu, joho lake limeliwaliwa pindoni kama limetafunwa na panya. Nikamuuliza kwa adabu zangu zote, "Samahani dada, na mimi nitapata wapi kibanio?"

Uwanja ukanyamaza. Yule mama akaniziba mdomo kwa kiganja kilichotosha uso wangu wote.

"Nyamaza, kaka! Unataka kutuponza?" Akatazama huku na huku, kisha akaninong'oneza. "Hapa unauliza ngapi. Unauliza lini. Hilo la tatu ulilosema, ulimeze."

"Nimeze neno?"

"Sisi tunameza makubwa kuliko hilo."

Mama huyo jina lake Bi Mize, na ndiye aliyenieleza mambo ambayo mimi, ningekuwa na akili, ningeyauliza kabla ya kucheza.

Sawazo inatawaliwa na Mlingano. Zamani, nchi ilipokaribia kufa kwa homa kubwa, msomi mmoja alikaa akaandika hesabu. Hesabu hiyo ukiipa idadi ya walinzi na idadi ya wavamizi, ukaieleza wavamizi wanazaana kwa kasi gani na walinzi wanameza kwa kasi gani, itakwambia kesho mtakuwa na hali gani, na keshokutwa, na wiki ijayo. Iliwaokoa. Hilo sifanyii mzaha. Kila niliyemuuliza, hata wale waliokuwa wakiilaani chini ya vibanio vyao, alikiri kwamba iliwaokoa.

Shida iko kwenye mstari wake wa kwanza. Mstari huo unasema: Tuchukulie kwamba nchi yote imechanganyika sawasawa, kama uji uliokorogwa vizuri.

Mtu mwingine angeusoma, akaelewa kwamba msomi anajirahisishia kazi, akaendelea na mstari wa pili. Wakuu wa Sawazo waliusoma wakaufanya katiba. Kama Mlingano unasema nchi imekorogwa, basi nchi ikorogwe. Ikaundwa Idara ya Ukorogaji, yenye magari na sare kuliko idara nyingine yoyote. Asubuhi na jioni wakorogaji wanapita na miiko yao, wanawasukuma walinzi wa upande huu waende upande ule, na wa upande ule waje huku, mpaka pasiwe na mtaa wenye walinzi wengi kuliko mtaa mwingine. Kukusanyika ni kosa. Kufuata harufu ni kosa, ndiyo maana ya vibanio. Na kwa kuwa Mlingano unajua ngapi na unajua lini lakini haujui mahali, kutaja mahali ni kosa kubwa kuliko yote. Nchi ina pembe, lakini hazitajwi. Ina mitaa, lakini majina yake yamefutwa kwenye vibao. Watu wamebaki kuelekezana kwa kidevu, na hata videvu, nimeambiwa, vimeshaundiwa kamati.

Mistari mingine nayo haikuachwa hivi hivi. Kuna unaosema tuchukulie kwamba kila mlinzi ni sawa na mwenzake, kwa hiyo wanashonewa majoho ya kipimo kimoja. Nimemwona Mmeza ambaye joho lake limeishia mbavuni, na Mkumbuka anayelikanyaga lake kila hatua mbili. Kwenye kona moja (niwie radhi, nimeshaizoea lugha ya kwetu) nilimkuta askari analinda bakuli tupu kwa mkuki. Nikamuuliza analinda nini.

"Mvamizi."

"Simwoni."

"Amebaki robo tatu. Hesabu ya jana ilitoka hivyo. Robo imekufa."

"Robo gani iliyobaki hai, ndugu yangu? Kichwa au miguu?"

Akalifikiria swali, akakunja uso. "Hilo ni swali la mahali," akasema, akanielekezea mkuki. Niliondoka mbio, na kwa kiatu kimoja mbio zenyewe zilikuwa za kuchekesha.

Bi Mize hakuwa akicheka. Alikuwa amegeukia upande wa kusini muda wote tuliozungumza, na kila alipojisahau akaegemea huko, mkorogaji alipita akamsogeza kwa mwiko kama mtu anayeweka sawa kitanda.

"Mume wangu yuko..." akasema, akaonyesha kwa kidevu. "Anaitwa Faki. Mwiba umetoboa ukuta. Tundu si kubwa, mtu angeweza kuliziba kwa mgongo wake, na ndivyo alivyofanya. Amekaa ameliegemea kwa mgongo, na wenzake saba wanameza wale wanaopita ubavuni. Mimi nilikuwa naye. Mkono wangu ulikuwa begani mwake, kaka. Wakaja na miiko, wakasema upande wetu umezidi mlinzi mmoja. Huyo mmoja nikawa mimi."

"Hukuwaambia mnapigana?"

"Niliwaambia. Wakasema kila mtu anapigana, kwa wastani."

Siku hiyo alikuwa amepewa nafasi ya kuongea mbele ya Baraza. Alitaka jambo moja tu: walinzi waruhusiwe kwenda alipo Faki kabla Faki hajaliwa. Sikuwa na la kufanya, tena nilitaka kiatu changu. Nikamfuata.

Baraza la Sawazo hukutana katika ukumbi ambao ukuta wake mzima umeandikwa Mlingano, herufi moja ukubwa wa mbuzi. Chini yake kuna mchoro wa wavamizi, mstari unaopanda kidogo kisha unashuka taratibu kama mtoto kwenye bembea ya kuteleza. Mwenyekiti ni Mkorogaji Mkuu, Mheshimiwa Machano, mtu msafi, mpole, mwenye sauti nzuri, na mwiko wa shaba uliolazwa mezani mbele yake. Nilitamani awe katili ili nimchukie kwa raha. Hakuwa. Alikuwa mtu mwema anayeamini karatasi, na hao, mimi ninayeongea nimeshakutana nao kwenye ofisi za kutosha, wanachosha zaidi.

Pembeni, kwenye kiti kirefu chenye ngazi, alikaa bibi kizee mdogo sana, amevikwa kanga tatu na kibanio cha dhahabu. Nilidhani ni sanamu mpaka alipopiga chafya. Bi Mize akaniambia huyo ndiye Profesa Kazija, aliyeuandika Mlingano. Humleta kila kikao, humfuta vumbi, humrudisha. Hajaulizwa kitu kwa miaka.

"Sema shida yako, mama," akasema Machano. "Kwa utaratibu."

"Wavamizi wameingia, mheshimiwa."

"Tunajua. Wangapi?"

"Hawahesabiki."

"Kila kitu kinahesabika, Bi Mize." Akamgeukia karani, karani akanong'ona. "Elfu sita. Sasa hebu tugawe kwa mitaa yote ya nchi, maana hatubagui." Karani akanong'ona tena, na Machano akatabasamu kwa huruma. "Nusu. Kila mtaa una nusu mvamizi. Mwanamke shupavu kama wewe, mwenye kinywa hicho alichokujalia Mungu, unaogopa nusu mvamizi?"

Ukumbi ukacheka puani.

"Hawakugawanyika hivyo, mheshimiwa. Wote wako..."

Kengele ikalia. Mpiga kengele alikuwa kijana wa miraba minne, Mmeza, aliyesimama mlangoni na nyundo mkononi.

"Wako?" akauliza Machano.

Bi Mize akatafuta neno lisilo na kosa. "Wako pamoja."

"Pamoja ni namna ya kutaja mahali. Futa."

Karani akafuta.

"Mume wangu na wenzake saba ndio wanaowazuia," akasema Bi Mize. "Wanane, mheshimiwa. Kwa elfu sita."

"Hapana, mama, hapo ndipo uchungu unapokupotosha. Walinzi tunao laki moja. Laki moja kwa elfu sita." Akasimama, akaupapasa mchoro kama mtu anayempapasa ng'ombe wake wa maziwa. "Hii hapa. Tazama unavyoshuka. Tumeshashinda tangu Alhamisi."

"Basi apelekewe habari Faki kwamba ameshashinda," akasema Bi Mize, "maana yeye bado anang'atwa."

Watu wawili watatu wakacheka kwa bahati mbaya, wakajikohoza. Machano hakukasirika. Akasema ni haki ya mama kuwa na uchungu, lakini Baraza husikiliza ushahidi, na kwa bahati njema asubuhi ile amepatikana shahidi asiye na upande, mgeni, aliyejitolea kukorogwa kwa hiari yake mwenyewe, akiimba.

Nikatazama nyuma kuona ni nani huyo.

Nilipandishwa kizimbani na kiatu changu kimoja.

"Mgeni, umekorogwa leo?"

"Nimekorogwa, mheshimiwa."

"Umepitishwa mitaa mingi?"

"Mingi sana."

"Umeona mvamizi hata mmoja?"

Nami, badala ya kukohoa, badala ya kuzimia, badala ya kufanya lolote kati ya yale ambayo mtu mwenye akili huyafanya akiulizwa swali lililonyooka namna ile, nikajibu ukweli. "Hapana, mheshimiwa."

"Hata nusu?"

"Hata nusu."

Ukumbi ukapiga makofi. Bi Mize akanitazama. Nimewahi kutazamwa na mwenye nyumba tarehe tano ya mwezi, nimewahi kutazamwa na mama mkwe, lakini macho yale sitaki kuyakumbuka. Nikajaribu kujikwamua. "Lakini mheshimiwa, kule kwenyewe mimi sikufika."

Kengele.

"Kule?" akauliza Machano.

Walininyang'anya kiatu cha pili, ikawa ndiyo faini, nikakaa chini peku.

Kisha mjadala ukafunguliwa kwa wajumbe, na naomba msomaji anivumilie, maana mimi nilivumilia zaidi. Mjumbe wa kwanza alisema anamhurumia Bi Mize kwa moyo wote, na kwa hiyo anapendekeza nchi ikorogwe kwa kasi mara mbili. Wa pili akasema tatizo ni Faki mwenyewe: mtu amekaa pale pale siku zote hizi bila kuchanganyika, huo ni ukaidi, na akiondolewa tunduni akakorogwa kama wenzake atapumzika na takwimu zitatulia. Bi Mize akauliza kwa sauti ndogo nani ataziba tundu. Akajibiwa kwamba tundu ni mahali.

Wa tatu, mzee mwenye heshima zake, ndiye aliyeuteka ukumbi. Alisema wao kama taifa wamekuwa wakijilaumu bure. Nani hasa anayevunja Mlingano? Si walinzi. Walinzi wamechanganyika kisheria. Wanaouvunja ni wavamizi, ambao wamejirundika bila ruhusa. Kwa hiyo utumwe ujumbe kwa wavamizi, uwasomee mstari wa kwanza kwa upole, na uwaombe wasambae nchi nzima kwa usawa.

Makofi yakavuma. Hoja ikapita bila kupingwa. Wajumbe watano wakateuliwa, wakapewa posho na mwavuli, wakaenda mpaka mlangoni. Wakasimama. Kiongozi wao akageuka, akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama karani. Karani akatazama dari. Hakuna aliyeruhusiwa kuwaambia waelekee upande gani, nao hawakuruhusiwa kuuliza. Walisimama pale na mwavuli wao, wana adabu, wanangoja, na sijui kama ningecheka au ningelia kama mambo yafuatayo hayangetokea.

Harufu iliingia dirishani. Nilidhani mpishi wa Baraza ameunguza kitu. Pilipili manga, nyingi, kali, iliyopenya vibanio vya mbao na vya shaba bila kubagua. Nikaona ukumbi mzima unainama, kidogo kidogo, kuelekea kusini, kama nyasi za mlimani. Karani akashika meza. Wakorogaji waliopanga mstari ukutani nao wakainama, miiko mikononi.

"Ni Faki," akasema Bi Mize. "Namjua." Sauti yake haikuwa na hasira tena, na hilo likaniogopesha. "Hajawahi kuita. Siku zote hizi ameibana harufu yake, ili watu wake wasipate kesi kwa ajili yake. Akiita, basi mgongo umeisha."

"Funga milango!" akasema Machano. "Wakorogaji, kazi! Mstari usipinde!" Miiko ikaanza kusukuma watu warudi wima. Waliposukumwa wakainama tena. Jasho lilimtoka Mheshimiwa Machano, na sasa kwa mara ya kwanza niliona kwamba naye, chini ya joho, vidole vyake vya miguu vimeelekea kusini. Akageukia kiti kirefu. "Profesa! Waambie. Wewe watakusikia. Waambie Mlingano unasemaje."

Profesa Kazija alikivua kibanio cha dhahabu, akaisugua pua yake, ambayo ilikuwa na alama mbili nyekundu za miaka yote ile.

"Hatimaye nimeulizwa," akasema. "Machano, mwanangu, ulikuwa mwanafunzi wangu. Ulikuwa na mwandiko mzuri sana."

"Asante, Profesa."

"Kufikiri kulikupa tabu, lakini mwandiko mzuri. Nisaidie kushuka."

Akashuka ngazi moja moja, Bi Mize amemshika mkono huu na Machano mkono ule.

"Nilipouandika," akasema alipofika chini, "tulikuwa tunakufa. Nilitaka kujua jambo moja. Walinzi wakiitana mapema, tunapona au hatuponi? Hilo tu. Ningeandika kila mtaa na kila kichochoro, hesabu ingenichukua mwaka, na mwaka hatukuwa nao. Nikasema, haya, tuchukulie nchi ni uji uliokorogwa. Nikapata jibu siku ile ile. Wakiitana mapema, tunapona. Mkaitana, tukapona." Akamtazama Machano. "Sasa niambie, mwanangu. Hesabu iliyosema muitane, imekuwaje hesabu ya kuwabana watu pua?"

 Machano akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyefundishwa shairi, "Bila mchanganyiko sawa, mstari wa kwanza si kweli. Na mstari wa kwanza usipokuwa kweli, yote yanayofuata..."

"Haukuwa kweli hata siku niliyouandika. Nilijua si kweli, ulinifaa tu. Uji ukiwa laini, kijiko kimoja kinakwambia chungu kizima kikoje. Ukipata madonge, unachovya vijiko vingi. Nilikuwa nimeanza kuandika hesabu ya madonge, unakumbuka? Mkaja mkanipandisha kwenye kile kiti."

"Ilikuwa heshima, Profesa!"

"Ilikuwa juu. Nilishindwa kushuka." Akamgeukia yule kijana wa miraba minne mlangoni. "Wewe, jina nani?"

"Mpiga kengele, bibi."

"Fungua mlango, baba. Nyote, nendeni Ukucha."

Alilitaja jina. Nilikuwa sijalisikia tangu niingie, wala sikujua kwamba mahali alipo Faki pana jina. Kijana aliinua nyundo ya kengele, akabaki ameiinua. Aliitazama kana kwamba ameshikishwa kitu cha mtu mwingine. Akaiweka chini polepole, akafungua mlango.

Bi Mize alitoka wa kwanza. Nyuma yake wakatoka Wameza wa mlangoni, wakatoka wakorogaji wenyewe na miiko yao, akatoka karani, wakatoka wajumbe watano walioteuliwa, mwavuli wakausahau. Mitaani watu walikuwa wanavua vibanio na kuvitupa, njia nzima vikawa vinavunjika chini ya miguu, na mimi niliyekuwa peku nililipa tena faini yangu kwa kila hatua.

Msomaji atataka kujua, nami si mtu wa kumtesa. Walifika. Faki alikuwa hai. Wenzake watatu hawakuwa hai, na majina yao yaliandikwa, pamoja na mahali walipofia, kwa herufi kubwa. Mgongo wake sikuutazama mara mbili. Wameza walifanya kazi yao kwa kelele ambazo sitazieleza kwa watu waliokula, na Wakumbuka wakasimama nyuma wakiitazama sura ya adui ili wasiisahau. Faki alipovutwa kutoka tunduni alimtazama mkewe, akasema, "Umechelewa, Mize." Naye akamjibu, "Nilikuwa nachanganywa," akamshika bega.

Lakini hayo yalitokea baadaye. Mimi nilikuwa bado ukumbini, nikitafuta kiatu changu cha faini chini ya meza ya Baraza, wakati ukumbi umeshabaki mtupu na wawili tu wamesimama chini ya zile herufi kubwa. Mheshimiwa Machano alikuwa ameukumbatia mwiko wa shaba, na machozi yalikuwa yanamtoka. Hakuwa anaigiza.

"Umeuvunja, Profesa," akasema. "Mlingano wako mwenyewe! Wakirundikana kule, kesho hakuna namba hata moja itakayotoka sawa. Kazi ya maisha yako yote! Nimeilinda miaka yote hii, na wewe umeivunja kwa neno moja. Sasa tutafanyaje?"

Profesa Kazija alikuwa ameinama anatafuta ndara zake chini ya kiti. Alizipata, akazivaa, akajinyoosha.

"Mlingano ukivunjika naandika mwingine, Machano. Faki akivunjika, wewe utamwandika upya kwa kalamu gani?"